Chumba cha Mikeka Sita

Uchochoro wetu ulikuwa na nyumba saba zilizoshikana kuta, nne upande huu na tatu upande ule, na katikati kisima kilichokauka tangu walipochimba njia ya treni ya chini. Mimi na mume wangu Tokuzo tulikaa nyumba ya tatu kwa miaka arobaini na sita. Yeye alikuwa fundi wa mikeka. Nikisema mkeka, nasema huu wetu wa Kyoto, mnene kama godoro jembamba, wa majani ya mpunga yaliyoshindiliwa na kushonwa, umepindwa kitambaa pembeni. Haukunjwi wala hautandikwi juu ya sakafu. Wenyewe ndio sakafu.

Tokuzo alipofika miaka sabini na moja presha ya macho ilimaliza kuona kwake. Hakulia sana. Alisema kazi yake siku zote ilikuwa ya mikono na magoti, macho yalikuwa yanamsindikiza tu. Chumba chetu cha kulala kilikuwa cha mikeka sita aliyoishona mwenyewe, na alikijua kwa nyayo. Kutoka kwenye futon, godoro letu la kukunja, alivuka pindo mbili, akageuka, akafuata upindo wa tatu mpaka mwisho wake, na hapo mkono wake ukakuta mlango wa kwenda chooni. Alikwenda na kurudi peke yake, na mimi nililala. Hilo naomba mliweke akilini, maana mambo yote yaliyofuata yalitokana na hilo.

Mwenye uchochoro alipozeeka aliuacha mikononi mwa kampuni ya ujenzi. Nyumba zetu zilikuwa zimeinama kama watu waliochoka, paa likivuja hapa likizibwa pale, na hakuna aliyebisha iliposemwa zibomolewe. Tuliahidiwa kurudi, nyumba zote saba. Kampuni ikamleta msanifu majengo, binti wa Tokyo aitwaye Hazama, miaka thelathini na kitu, nywele fupi, soksi zimetoboka kidoleni. Alikuwa amezunguka nchi nyingi akitazama watu wanavyojenga. Alikuja kwetu, akapiga magoti, akatandaza picha juu ya mikeka mpaka tukakosa pa kuweka vikombe.

"Hii ni Moroko," alisema. "Nyumba inaipa barabara mgongo, inatazama ua wake wa ndani. Ubaridi unakaa kule chini mchana kutwa."

Umeno, jirani yangu wa nyumba ya nne, mjane ambaye mdomo wake haujui kupumzika, aliinua picha akaisogeza karibu na miwani. "Mwanangu, umepanda ndege mpaka Moroko kutafuta ua? Mbona mimi ninao, nyuma ya choo. Una jiwe moja na paka wawili."

"Nimeupima, Bibi," Hazama alijibu bila kununa. "Nikaona kila nyumba ina kaua kake, na hakuna kanachopata jua. Tukiunganisha nyua zote saba tunapata ua mmoja wa maana."

"Wenye paka kumi na wanne."

Akatuonyesha Denmark, ambako majirani wana jiko moja la pamoja na hupika kwa zamu. Umeno akaninyooshea kidole. "Nile chakula cha huyu? Huyu anatia chumvi kama anayehifadhi samaki." Nilimwongezea chai. Ukimjibu Umeno unampa nguvu.

Tokuzo alikuwa amekaa pembeni, amegeuza sikio. "Nyingine," alisema. Hazama akaanza kumweleza picha moja moja, na hapo ndipo nilipompenda yule binti, maana hakupaza sauti kama watu wanavyofanya mbele ya kipofu. Alimweleza India, dirisha la jiwe lililotobolewatobolewa mpaka upepo unaingia na jua linabaki nje. Kisha akamweleza mji mmoja wa mawe, kisiwani huko Afrika Mashariki, ambako kila nyumba ina baraza la mawe lililoshikana na ukuta nje ya mlango, na watu hukaa hapo kupiga soga.

"Baraza la mawe," Tokuzo alisema. "Matako hayagandi?"

"Kule ni joto, Mzee."

"Na huku?"

Hazama akafikiri. "Tutaweka mbao juu. Nataka ukumbi uzunguke ua wote, na baraza lifuate ukuta mwanzo mpaka mwisho bila kukatika. Mtu yeyote atoke ndani akae, awe na mwenzake."

"Sisi tuna ubao wetu pale mlangoni. Mchana unakunjuliwa, watu wanakaa. Mvua ikija unakunjwa ukutani."

"Nimeuona. Ni mzuri sana," Hazama alisema, lakini macho yake yalikuwa kwenye picha ya kisiwa. Sikumlaumu. Mtu akisafiri mbali hivyo lazima arudi na kitu.

Mwishoni alimwuliza kila mmoja anataka nini katika nyumba mpya. Umeno alitaka dirisha la kumwonyesha nani anaingia na nani anatoka. Mimi nilimweleza habari za nyayo za mume wangu, nikasema sitaki kingine ila chumba cha mikeka sita, na mikeka yetu hii hii irudi kama ilivyo. Hazama aliandika. Nilimwona kwa macho yangu akiandika mikeka sita na kupiga mstari chini yake. Nikatosheka.

Mikeka ikaenda kuhifadhiwa kwa fundi mwenzake Tokuzo, na sisi tukahamishiwa ghorofa ya kupanga ng'ambo ya mto kwa mwaka mmoja. Sakafu kule ilikuwa mbao laini, kote sawa, hakuna upindo wa kushika kwa unyayo. Tokuzo alikuwa kama mtu aliyeshushwa katikati ya uwanja. Kila alipotaka kwenda haja ilibidi nimwongoze, na nyonga yangu ya kulia haifai tangu nilipoteleza kwenye barafu. Mwezi wa tano tulianguka pamoja koridoni. Yeye alicheka, mimi sikuweza kuinuka mpaka mwenye duka wa chini alipokuja.

Mwana wetu Yoshiki alifika kutoka Nagoya siku ya pili. Ni mtoto mwema, mpole, na mpole akishaamua jambo humbadilishi. Aliweka karatasi mezani.

"Mama, hii ni nyumba ya kulelea wazee, karibu na kwangu. Nimemwandikisha Baba."

"Na mimi?"

"Wewe hujafikia umri wala hali. Wanampokea yeye." Alinitazama kwa huruma. "Sisemi aende leo. Rudini kwenye nyumba mpya kwanza. Nitakuja siku ya kuhamia. Nikiona Baba anakwenda mwenyewe kama zamani, nafuta jina. Nikikuona bado unambeba, nafasi yake iko tayari mwezi wa nne mwakani, nami nitampeleka."

Tokuzo alikuwa chumba cha pili. Alisikia yote. Jioni aliniuliza tu, "Nguzo wanasimamisha lini?"

Walisimamisha mwezi wa kumi na moja. Nyumba ya mbao ya orofa mbili kuzunguka ua, na sisi chini kwa sababu ya miguu. Fundi seremala alikuwa Kitagaki, mtu wa Kyoto hasa, vizazi vinne vya ufundi, mwenye maneno ya adabu kiasi kwamba akikufukuza nyumbani kwake unaondoka ukishukuru. Sisi wenyeji wa baadaye tulipelekea mafundi chai saa tisa kwa zamu. Zamu yetu ilipofika nilibeba birika na keki za maharage, Tokuzo akanishika mkono wa kanzu.

Hazama alikuwepo, kofia ya kazi kichwani, uso umejaa vumbi na furaha. Alituongoza juu ya mbao mpaka mahali petu. Nguzo zilikuwa zimesimama, kuta bado.

"Hiki ndicho chumba chenu, Mzee. Mbele yake ni ukumbi, halafu ua."

Kitagaki alivua kofia, akamwinamia Hazama, ambaye kwa adabu za mafundi wetu humwita mwalimu. "Chumba kizuri. Nilimwambia mwalimu tangu siku ya kwanza, hiki wakati wa baridi kitapata joto upesi."

"Ndiyo, nilishukuru sana kusikia," Hazama alisema.

Mimi nilimtazama Kitagaki. Yeye akatazama birika.

Tokuzo alivua viatu, akavua na soksi, baridi ilivyokuwa. Aliweka kisigino kwenye nguzo ya kona, kisha akaweka kisigino cha pili mbele ya kidole gumba cha kwanza, hivyo hivyo, mguu mbele ya mguu, huku akihesabu kwa sauti. Mafundi waliweka nyundo chini. Alifika nguzo ya upande wa pili, akaipapasa.

"Kumi na moja," alisema.

Akageuka akapima upande mrefu. "Kumi na nne na nusu."

Akasimama pale, mkono kwenye nguzo. "Mama Yoshiki, wametuibia mguu mmoja huku, na mguu mmoja na nusu kule."

"Hapana, Mzee," Hazama alisema. "Ni mikeka sita. Nimeandika mwenyewe, na kila kipimo nimekikagua mara mbili."

"Mikeka sita ya wapi?"

Tokuzo akamweleza taratibu, kama alivyokuwa akiwaeleza waliokuja kujifunza kazi. "Kwenu Tokyo mnasimamisha nguzo kwanza, halafu mnakata mikeka ienee nafasi iliyobaki. Sisi hapa mkeka ndio unaoanza. Yote ina urefu mmoja, sentimita mia moja tisini na moja, mji mzima, na nguzo zinawekwa kuuzunguka. Zamani mtu akihama mtaa alibeba mikeka yake mgongoni kama vyombo, akaitandika nyumba nyingine, ikakaa sawasawa. Wenu ni mfupi. Nadhani sentimita mia na sabini na kitu."

"Sabini na sita," Hazama alisema kwa sauti ndogo. Alikuwa ametoa futi kamba lakini hakuifungua.

Mnaweza kuniuliza mimi, mke wa fundi wa mikeka miaka yote hiyo, kwa nini sikusema. Nilidhani mikeka sita ni mikeka sita. Kwetu hakuna anayeuliza, kama usivyomwuliza mtu iwapo wali ni wa mchele. Yule binti naye alidhani hivyo hivyo, kwa upande wake. Shule niliacha darasa la nne vita vilipotutawanya, na ile michoro yake niliiona kama utando wa buibui. Lakini Kitagaki alijua kusoma michoro.

Hazama naye alifikia wazo hilo hilo. Alimgeukia. "Fundi, ulijua?"

"Nilidhani mwalimu umependa hivyo. Siku hizi wengi wanachora hivyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mwalimu. Nilikuambia kitapata joto upesi."

Kwetu Kyoto hivyo ndivyo unavyomwambia mtu chumba chake ni kidogo, na yule binti alikuwa ameshukuru. Nadhani siku ile ndiyo aliyofahamu amefika mji gani. Zile nchi zote alizozizunguka, alizunguka na mtu wa kumweleza. Huku alikuwa amekuja kwao, basi hakuuliza.

Tokuzo akaingilia. "Mikeka inakatika. Leteni, nitaonyesha pa kukata. Sentimita kumi na tano kwa urefu, saba na nusu kwa upana. Mwenzangu atafanya kwa siku mbili."

Alisema kwa wepesi, kama anayekubali kubadilishiwa kiti. Alikuwa anamwonea huruma yule binti, na pengine alikuwa ameshachoka kuwa mzigo. Mafundi walianza kupumua. Hazama alifungua mdomo kushukuru.

"Hapana," nilisema.

Mimi si mtu wa kukataa mambo. Nimekaa na mama mkwe miaka kumi na tisa, nimekaa na Umeno. Niliketi pale kwenye mbao, nikaweka birika mbele yangu, nikaanza kumimina chai, kikombe kimoja kimoja, na nikasema nikiwa namimina.

"Mikeka haikatwi. Mkiikata, pindo zinahama, na nyayo zake zina umri wa miaka sabini na nne, hazitajifunza upya. Siku ya kuhamia mwanangu anakuja kutazama. Baba yake akipapasa ukuta hata mara moja, mwezi wa nne anampeleka Nagoya. Basi mimi nitabaki hapa na ua wa Moroko." Nilimpa Hazama kikombe chake. "Kunywa, mwanangu, kinapoa."

Alikunywa. Alikunywa chote, akakaa chini na yeye, akauliza upande upi kuna nafasi.

Upande mrefu ulikuwa na kabati la ukutani la kuwekea futon. Hilo lilikuwa langu, nikasema wachukue sentimita thelathini, nitaona la kufanya. Upande mfupi ndio uliokuwa na taabu, maana nyuma alikuwa Umeno, na mbele ulikuwa ukumbi wenye baraza. Ili chumba kipate sentimita ishirini na mbili, nguzo mbili za mbele zingesogea nje, na baraza lake lisilokatika, lile alilolibeba kutoka kisiwani, lingekatika mbele ya mlango wetu.

"Fundi, nguzo mbili zinasogezeka?" aliuliza.

Kitagaki aliinamisha kichwa upande, akanyonya hewa kwa meno, namna yetu ya kukataa kwa adabu. Hazama akamwinulia mkono. "Niambie kama unavyomwambia mkeo."

Kitagaki akacheka, mara yangu ya kwanza kuyaona meno yake. "Zinasogezeka. Kazi ya siku tano, chafu. Chini kunatakiwa jiwe jipya, na juu boriti itapita kidogo. Lakini ukumbi utakuwa na pembe. Ukisimama mlango mkubwa hutaona mstari mmoja. Utaona kama mtu aliyeweka goti mbele."

"Na baraza?"

"Hapo halipiti. Litabana njia."

Hazama aliondoka bila kuaga vizuri. Umeno aliposikia alisema tusimtarajie tena, wachora majengo ni kama washona nguo za harusi, hawapunguzi kitambaa. Kesho yake asubuhi Hazama alikuja ng'ambo ya mto na mchoro mpya. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliutandaza mbele yetu, akamshika Tokuzo kidole, akakipitisha juu ya mistari.

"Hapa nguzo zimetoka. Hapa baraza linakoma, na hapa linaanza tena. Katikati, ukutani, nimechora ule ubao wenu wa zamani, wa kukunja. Kitagaki aliuhifadhi, alisema ubao wa mti ule haupatikani siku hizi. Ukikunjuliwa watu wanakaa, njia ikihitajika unakunjwa."

"Na wale wa gazeti watakaokuja kupiga picha ukumbi wako je?" Tokuzo aliuliza.

"Watapigia upande ule mwingine."

Tulihamia mwezi wa tatu, siku ya manyunyu. Mikeka ilishushwa kwenye gari moja moja. Kitagaki na Hazama waliitandika wenyewe, Tokuzo akiwaelekeza akiwa amekaa juu ya sanduku. Mkeka wa mwisho haukuingia kwa kusukumwa, uliingia kwa kukanyagwa, na ukatoa ile sauti ya pumzi. Mume wangu alitabasamu kwa sauti hiyo. Hakukuwa na nafasi ya kuingiza hata ukucha.

Yoshiki alifika saa nne. Alisalimia kila mtu, akasifu ua, akakaa ukutani na koti lake. Ile karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa kifuani. Niliiona pembe yake. Nilitandika futon mahali pake pa zamani.

Tokuzo alisimama. Akavuka upindo wa kwanza. Akavuka wa pili, kisha akasimama, mguu mmoja umeinuka kidogo. Mkono wake ukaanza kutafuta hewa.

"Siyo," alisema.

Yoshiki alisogeza mguu ili ainuke. Nilimwekea kiganja gotini.

"Siyo nini, Baba?" nilimwuliza.

"Huu si mkeka wa pili. Huu una kovu kule mwisho, Yoshiki aliuchoma na pasi alipokuwa darasa la tano. Ulikuwa chini ya dirisha. Mmeubadilisha na mwenzake."

Kitagaki na Hazama walitazamana. Waliinua mkeka kwa kulabu, wakausoma chini, maana kila mkeka una mahali pake palipoandikwa kwa wino. Kweli. Hazama alipouweka mara ya kwanza alikuwa ameshika tochi kwa meno, akasoma vibaya, na sasa Kitagaki akamsifu kwamba chumba hiki sasa kina nafasi ya kutosha kukosea. Wakaibadilisha. Tokuzo akarudi kwenye futon, akaanza tena.

Pindo mbili. Akageuka. Akafuata wa tatu, si haraka wala polepole, mwendo wake tu, mikono imelala ubavuni. Upindo ulipoisha mkono ukainuka, ukakuta mlango pale pale. Aliufungua, akaingia, akaufunga. Tulikaa kimya sote tukisikiliza mzee akikojoa, hata Hazama, na hakuna aliyeona haya.

Aliporudi aliketi kwenye futon akauliza kama chai ipo.

Yoshiki aliinuka. Alikwenda kutazama kabati, pengine apate mahali pa kuelekeza uso. "Mama, mbona hili halifungi? Futon imechomoza."

"Tulilipunguza. Nitakunja mara nne badala ya tatu."

"Utaweza, na nyonga hiyo?"

"Kukunja nafanya nimekaa."

Alitoka nje ukumbini. Umeno alikuwa ameshauwahi ule ubao, amekaa na paka mapajani, nikamsikia akimwambia mwanangu asogee aketi, asisimame kama askari kanzu. Ubao ulilia alipoketi. Kisha nikamsikia Yoshiki akiongea kwenye simu, anataja jina la baba yake na herufi za kuliandika, na kuomba lifutwe.

Nikaanza kukunja futon. Mara ya nne ni ngumu, lazima uilalie kidogo.